Kusema na Kutenda: Kazi ya Profesa Thomas Emerson

Mwanzoni mwa mwaka 1949 J. Edgar Hoover, mkuu wa shirika la upelelezi la FBI, mtu ambaye hata wanasiasa wakubwa wa Marekani walimwogopa, alichukua kalamu akaandika makala ya kujitetea katika jarida linalohaririwa na wanafunzi. Ndiyo, wanafunzi. Jarida lenyewe ni Yale Law Journal, la shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, na wahariri wake hadi leo ni vijana wanaosomea sheria hapo hapo.

Kilichomuwasha Hoover ni makala iliyotoka Desemba 1948, ndefu ya kurasa 143, iliyoandikwa na Profesa Thomas Irwin Emerson akishirikiana na mwanasheria kijana, David Helfeld. Ilichambua mpango wa Rais Truman, ulioanzishwa kwa amri ya Machi 1947, wa kupima uaminifu wa watumishi wa serikali kuu, watu zaidi ya milioni mbili. Hebu fikiria. Wewe ni karani tu wa posta, unapiga mihuri yako, siku moja unaitwa uulizwe unasoma magazeti gani na rafiki zako ni akina nani. Ukiwa umesengenywa, huna haki ya kuambiwa nani kakusengenya. Waandishi wale walisema mpango huo haumkamati mtu kwa alichotenda, bali kwa anachofikiri, na kwa wale anaokaa nao. Wakaigusa na FBI yenyewe.

Basi Hoover akaja juu. Akaandika kwamba makala ile imepotosha mambo kuhusu shirika lake. Emerson na Helfeld wakamjibu. Hoover hakutosheka, akayajibu majibu yao. Yote yamo katika juzuu moja, kurasa zinafuatana, kama wazee wawili wanaojibizana barazani huku vijana wamekaa pembeni wanasikiliza.

Nimekianza kisa hapo makusudi, ndugu msomaji. Sisi wa magazeti madogo, ambao nakala zetu hupita mkono kwa mkono hadi zinachakaa, tumezoea kuambiwa kwamba maneno yetu hayafiki popote. Pengine. Lakini nilipokutana na habari za huyu Emerson nilitaka kujua mtu huyu alitoka wapi, alipata wapi ujasiri, na kwa nini maisha yake yote alikuwa akirudia jambo moja: kwamba kusema ni kitu kimoja na kutenda ni kingine. Mimi si mwanasheria. Niliishia kidato cha sita, na ninachotaka duniani ni kuandika riwaya. Ila jambo hilo la kusema na kutenda linamhusu kila anayeshika kalamu.

Emerson alizaliwa mwaka 1907 Passaic, katika jimbo la New Jersey. Alisoma Yale, akamaliza shahada ya kwanza 1928 na sheria 1931, akiwa amelihariri jarida lile lile nililolitaja. Kwa hiyo alipoandika yale ya 1948 alikuwa anarudi nyumbani. Kijana wa namna hiyo, mweupe, msomi wa Yale, mwenye alama za juu, milango ya matajiri wa New York ilikuwa wazi mbele yake. Yeye akaingia katika ofisi ya mawakili alimokuwamo Walter Pollak.

Pollak huyu hakuwa wakili wa kawaida. Mwaka 1923 alikuwa amesimama mbele ya Mahakama ya Juu kumtetea Benjamin Gitlow, msoshalisti aliyefungwa kwa kuchapisha ilani. Gitlow alishindwa, lakini ndani ya hukumu hiyo hiyo majaji walikubali kwamba uhuru wa kusema uliomo katika Katiba unayabana majimbo pia, si serikali kuu peke yake. Ajabu ya sheria ndiyo hiyo: mteja wako anakwenda jela, na hoja yako inabaki kusaidia watu ambao hawajazaliwa.

Emerson alipoingia ofisini mwa Pollak alikuta kesi ya Scottsboro. Machi 1931, katika jimbo la Alabama, vijana tisa weusi waliteremshwa kwenye treni ya mizigo wakashutumiwa kuwabaka wanawake wawili weupe. Mdogo wao alikuwa hajafikisha miaka 14. Nje ya mahakama umati wa watu, ndani haraka haraka. Mawakili wa kuwatetea walipatikana asubuhi ya kesi yenyewe, hawakuwa na nafasi ya kuchunguza lolote. Wiki mbili baada ya kukamatwa, wanane kati ya tisa walikuwa wamekwisha hukumiwa kifo. Mmoja wa wanawake wale baadaye, mwaka 1933, alisimama kizimbani akasema hapakuwa na ubakaji wowote.

Emerson alishiriki kuandaa hoja za rufaa chini ya Pollak. Novemba 1932 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu zile kwa kura 7 dhidi ya 2. Ilisema kwamba mtu anayekabiliwa na kifo hawezi kusemwa kuwa amesikilizwa ikiwa hakuwa na wakili wa kweli. Naliona neno hilo, kusikilizwa, kuwa ndilo lililomkaa Emerson moyoni. Wale vijana walikuwa na midomo. Walisema, walilia, walikana. Lakini sauti isiyo na mahali pa kufikia ni sawa na kupiga kelele ndani ya mtungi.

Miaka iliyofuata naipitia mbiombio. Mwaka 1933 alihamia Washington kufanya kazi katika serikali ya Roosevelt, kwanza mambo ya viwanda na vyama vya wafanyakazi, kisha, wakati wa vita, udhibiti wa bei. Vita vilipokwisha alikuwa mmoja wa wanasheria wakubwa serikalini. Mwaka 1946 akaacha vyote akarudi Yale kufundisha, na huko akakaa hadi alipostaafu 1976. Naona miaka ile ya Washington ilimfunza jambo ambalo watetezi wengi wa haki hawalijui, nalo ni namna ofisi za serikali zinavyofanya kazi kutoka ndani: faili linaanzia wapi, nani analisaini, na mtu mwoga aliyekalia kiti anavyoweza kumharibia mwenzake maisha bila kumchukia.

Kesi yake ya kwanza kubwa kama profesa hakuisimamia yeye, aliiunga mkono tu. Heman Sweatt alikuwa mpeleka barua wa Houston, mtu mweusi, aliyeomba mwaka 1946 kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas. Alikataliwa kwa rangi yake. Jimbo likamwambia usijali, tutakujengea shule yako. Wakafungua vijichumba katika sehemu ya chini ya jengo moja mjini Austin, wakaviita shule ya sheria. Thurgood Marshall alipoipeleka kesi Mahakama ya Juu, Emerson na wenzake wachache waliunda kamati ya walimu wa sheria wanaopinga ubaguzi katika shule za sheria. Maprofesa zaidi ya 180 kutoka nchi nzima walitia saini hati yao ya urafiki wa mahakama.

Hoja haikuwa ya vitabu na madawati tu. Mwanasheria hufundika kwa kubishana. Ukimfungia Sweatt peke yake katika chumba cha chini, umemnyima wale atakaobishana nao kazini maisha yake yote. Juni 1950 majaji wote walikubali. Walieleza kwamba shule ile ya pembeni ilimtenga na makundi ambayo ni asilimia 85 ya watu wa Texas, na humo ndimo walimo mawakili, mashahidi na majaji wengi atakaokutana nao. Hapa ndipo haki za watu weusi na uhuru wa mawasiliano vilipokutana, na nadhani Emerson aliliona hilo mapema kuliko wengi. Ubaguzi nao ni njia ya kukata mazungumzo.

Lakini miaka hiyo ya 1950 haikuwa ya kuchezea. Emerson alikuwa amegombea ugavana wa Connecticut mwaka 1948 kwa chama cha wafuasi wa Henry Wallace, akashindwa vibaya. Mwaka 1950 alikuwa rais wa National Lawyers Guild, chama cha mawakili wa mrengo wa kushoto, na mwaka huo huo kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti ikatoa taarifa ikikiita chama hicho ngome ya kisheria ya Chama cha Kikomunisti. FBI ilikuwa na faili lake. Mawakili walikimbia wanachama wenzao mitaani. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 2, ilikubali viongozi 11 wa Chama cha Kikomunisti wafungwe. Bomu hawakulipua, bunduki hawakukutwa nayo. Walishtakiwa kwa kula njama ya kufundisha na kuhimiza kwamba serikali iangushwe. Kufundisha! Majaji walitumia mizani: hatari upande huu, uhuru upande ule, wakaona hatari inazidi.

Emerson aliichukia mizani hiyo. Aliona kwamba wakati wa hofu kila mara upande wa hatari utazidi, maana hofu ndiyo inayoweka mawe.

Sasa tunafika kwa Paul Sweezy. Huyu alikuwa mwanauchumi, msomi wa Harvard, Mmarx asiyejificha. Mwaka 1949, pamoja na Leo Huberman, alianzisha jarida la Monthly Review. Tarehe 22 Machi 1954 alialikwa kutoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha New Hampshire. Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Louis Wyman, alikuwa amepewa na bunge la jimbo mamlaka ya kuwasaka wapinduzi peke yake, yaani yeye ndiye kamati nzima. Akamwita Sweezy. Maswali mengi Sweezy aliyajibu. Alisema hajawahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, alisema yeye ni msoshalisti. Lakini alipoulizwa aliwaambia nini wanafunzi siku ile, je, aliwaambia kwamba usoshalisti utakuja tu hata watu wasipopenda, akakataa. Alikataa pia kuulizwa habari za chama cha Wallace. Akahukumiwa kwenda jela kwa kudharau mahakama, akabaki nje kwa dhamana.

Waliosoma shule za bweni huku kwetu wanalijua swali la namna hiyo. Katika shule moja niliyopita, ambayo sitaitaja, gazeti letu la ukutani lilibanduliwa asubuhi moja na sisi tukaitwa mmoja mmoja: nani kaandika, alimaanisha nini, nani mwingine alikuwapo. Hakuna aliyeuliza kama yaliyoandikwa ni kweli.

Machi 1957 Emerson alisimama mbele ya Mahakama ya Juu kumtetea Sweezy. Hukumu ilitoka tarehe 17 Juni mwaka huo, kura 6 dhidi ya 2, Sweezy akashinda. Siku hiyo mahakama ilitoa hukumu kadhaa za kuwakinga watu wa mrengo wa kushoto, wapinzani wakaibatiza Jumatatu Nyekundu. Katika hukumu ya Sweezy Jaji Mkuu Warren aliandika maneno mazito kuhusu uhuru wa vyuo vikuu, na Jaji Frankfurter akaongeza yake. Tangu hapo kila profesa wa Marekani anayetishwa na serikali huitaja kesi hiyo.

Ila tusidanganyane. Ushindi ulikuwa mwembamba. Warren alijishikiza kwenye sababu ndogo: kwamba haikuonekana wazi kama bunge la jimbo lilikuwa limemtuma Wyman kuuliza maswali yale. Haikusemwa kwamba maswali yenyewe ni haramu. Na Wyman hakuacha. Mwaka 1959 mahakama hiyo hiyo, kura 5 dhidi ya 4, ilimruhusu kumbana mtu wa dini, Willard Uphaus, aliyekataa kumpa orodha ya wageni wa kambi yake ya mapumziko. Mzee wa watu akakaa jela karibu mwaka mzima, kwa sababu ya majina ya wageni.

Sweezy naye akaendelea na jarida lake. Hapa kuna uzi unaofika kwetu. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha jarida lao, Cheche, na mwaka 1970 likatoa toleo maalumu la maandishi ya kijana wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Novemba 1970 Cheche likafungiwa. Sababu moja waliyopewa ni kwamba jina limeazimwa Urusi! Shivji aliendeleza kazi yake hadi ikawa kitabu, na kitabu hicho, Class Struggles in Tanzania, kilitolewa New York mwaka 1976 na Monthly Review Press. Yaani nyumba ya uchapishaji ya huyo huyo Sweezy, mteja wa Emerson. Sisemi kwamba Emerson aliifikiria Dar es Salaam alipokuwa akihojiana na majaji. Nasema tu kwamba mtu asipofungwa, hupata nafasi ya kuchapisha wengine.

Kesi iliyompa Emerson jina kubwa zaidi ilimwangukia kwa msiba. Connecticut ilikuwa na sheria ya tangu 1879 iliyokataza mtu yeyote kutumia kinga ya uzazi, hata mke na mume ndani ya nyumba yao. Novemba 1961 Estelle Griswold, mkurugenzi wa chama cha uzazi wa mpango, na Daktari Lee Buxton, profesa wa udaktari Yale, walifungua kliniki New Haven wakijua watakamatwa. Walikamatwa. Faini dola 100 kila mmoja. Mwenzake Emerson pale Yale, Profesa Fowler Harper, ndiye aliyeisukuma kesi miaka yote, lakini Januari 1965 Harper akafariki kwa saratani. Emerson akalichukua jalada, na mwishoni mwa Machi alikuwa mbele ya majaji.

Juni 1965 alishinda kwa kura 7 dhidi ya 2. Jaji Douglas aliandika kwamba Katiba, ingawa haitaji faragha kwa jina, inailinda kwa kuunganisha vifungu vyake kadhaa. Watu wengi huishia hapo. Mimi lililonishika ni jambo jingine. Kosa waliloshtakiwa Griswold na Buxton lilikuwa la kusaidia wengine kuvunja sheria, na walisaidia kwa kuwapa wanandoa habari, mafunzo na ushauri. Kumbe kesi ya chumba cha kulala ilikuwa pia kesi ya maneno.

Na kulikuwa na kinaya kikubwa. Mmoja wa majaji wawili waliokataa alikuwa Hugo Black, mtetezi mkubwa kuliko wote wa uhuru wa kusema katika mahakama ile, mtu ambaye Emerson angetegemea kura yake akiwa usingizini. Black aliandika kwamba kama daktari na mwenzake wangehukumiwa kwa kutoa maoni tu, angewaachia. Lakini hawakuishia kusema, waliwapa watu na vifaa. Na kusema ni kitu kimoja, kutenda ni kingine. Yaani upanga wa Emerson mwenyewe ulimkata yeye! Siku hiyo aliokolewa na hoja zake nyingine.

Nadhani jambo hilo lilimlazimisha kuufikiria mpaka ule kwa makini zaidi. Mwaka 1963 alikuwa amekwisha chapisha katika Yale Law Journal makala ndefu ya kutafuta nadharia moja ya Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayokataza Bunge kupunguza uhuru wa kusema na wa magazeti. Mwaka 1970 ikaja kazi yake kubwa, The System of Freedom of Expression, kitabu kizito kama tofali. Neno la kuangalia katika jina hilo ni mfumo. Uhuru wa kusema kwake hauwi zawadi ya mtu mmoja mwenye mdomo. Ni mtambo mzima: shule, magazeti, redio, mikutano, maandamano, mahakama, na haki ya kutotajwa jina. Ukiharibu kipande kimoja, vingine vinayumba.

Kwa nini uhuru huo ulindwe? Alitoa sababu nne. Tatu zimezoeleka: mtu hakamiliki bila kusema yaliyomo moyoni, ukweli hauonekani bila kubishaniwa, na raia hawezi kujitawala bila kushiriki mazungumzo. Ya nne ndiyo iliyonishangaza, maana ni hoja ya mtu anayetaka utulivu. Alisema jamii inayoruhusu watu kusema hubadilika kidogo kidogo na haipasuki, kwa kuwa anayeshindwa katika mjadala angalau amesikilizwa. Serikali zetu nyingi huamini kinyume chake, kwamba utulivu unaletwa na ukimya.

Kanuni yake ilikuwa hii: kama jambo ni kusema, serikali isiliguse kabisa, hata kama ni la hatari, hata kama ni la kuchukiza, na mizani iwekwe kando. Kama ni kutenda, serikali ifanye kazi yake. Ugumu wote unahamia kwenye kutambua lipi ni lipi. Emerson alikubali kwamba yapo maneno ambayo ni sehemu ya kitendo. Kiongozi wa genge anayewaelekeza watu wake waingie dirisha gani hatoi maoni, anaiba kwa mdomo.

Juni 1971 kanuni hiyo ilijaribiwa. Magazeti ya New York Times na Washington Post yalipata nyaraka za siri za serikali kuhusu vita vya Vietnam, serikali ikataka yazuiwe kuchapisha. Wakili wa New York Times alikuwa Alexander Bickel, naye profesa wa Yale, jirani wa Emerson kazini. Jaji Stewart akamtega: je, kama kuchapisha kutasababisha vijana mia moja wauawe? Bickel akakiri kwamba utu wake ungemshinda, angetaka kuzuia. Emerson naye alikuwamo katika kesi ile, akiwa mmoja wa walioandika hati ya urafiki wa mahakama kwa niaba ya wabunge 27. Magazeti yalishinda, kura 6 dhidi ya 3. Mimi ningemlaumu Bickel kirahisi nikiwa nimekaa hapa na chai yangu, lakini swali la Stewart ni swali la kweli, na nadharia yoyote ya uhuru ina deni la kulijibu.

Upande wa redio na televisheni Emerson hakuwa na msimamo mwepesi. Gazeti, angalau kinadharia, yeyote anaweza kuanzisha. Masafa ya redio hayatoshi watu wote, ni serikali inayogawa. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kituo cha redio kinaweza kulazimishwa kumpa nafasi ya kujibu mtu kiliyemshambulia. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa iliamuru leseni ya WLBT, televisheni ya Jackson, Mississippi, itolewe upya kwa sababu kituo kile kilikuwa kikiwafungia milango watu weusi, ambao walikuwa karibu nusu ya watazamaji wake. Kiliwahi kukata mahojiano ya Thurgood Marshall na kuweka kibao cha kusema eti waya una hitilafu. Bwana wee! Kesi hizo hazikuwa za Emerson, lakini alizipokea katika fikra zake, na mwaka 1981 aliandika makala juu ya upande mwingine wa Marekebisho ya Kwanza: kwamba pamoja na kuacha kuziba midomo, serikali inaweza kupanua uwanja ili wengi zaidi wasikike. Kanuni ile ya vituo kutenda haki kwa pande zote ilifutwa na Tume ya Mawasiliano ya Marekani mwaka 1987.

Kabla ya hapo, mwaka 1971, alikuwa amewaandikia wanawake wa Marekani, pamoja na wanafunzi watatu wa kike, makala ya kutetea haki sawa kwa jinsia katika Katiba. Alifariki New Haven Juni 1991, umri miaka 83. Mwaka huo huo zikatoka kumbukumbu zake za ujana wa Washington.

Miaka miwili baadaye, Julai 1993, kituo cha RTLM kilianza kutangaza Kigali.

Tarehe 3 Desemba 2003, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwahukumu watu watatu wa vyombo vya habari: Ferdinand Nahimana, aliyekuwa mwalimu wa historia chuo kikuu, Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Wakili wa Ngeze alijaribu kuleta Arusha sheria ya Marekani, ile iliyojengwa na watu kama Pollak na Emerson, akisema ndiyo inayolinda maneno kuliko zote, basi iwe kipimo. Majaji walikataa. Kipimo, walisema, ni sheria ya kimataifa.

Rufaa iliamuliwa Novemba 2007, vifungo vikapunguzwa, na majaji wa rufaa wakafanya jambo ambalo Emerson angelielewa mara moja. Walichora mstari tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa. Matangazo ya RTLM baada ya siku hiyo yaliwaita watu kuua, majina na mahali vikitajwa. Hayo ni ya yule kiongozi wa genge na dirisha lake. Ya kabla ya hapo yalichochea chuki, walisema, lakini haikuthibitika kwamba yaliita moja kwa moja mauaji ya kimbari.

Mwezi Machi chuki, mwezi Aprili mauaji, mtangazaji yule yule, kipaza sauti kile kile. Kwa kanuni ya Emerson matangazo ya Machi yangeachwa. Hapo mimi nasita, na nimesita kwa wiki kadhaa nikiiandika makala hii. Sikubali kirahisi kwamba polisi wangetuliza lolote, kwa sababu serikali iliyokuwa na polisi Kigali ndiyo iliyowapa RTLM leseni, na wenye kituo walikuwa watu wa karibu wa wakubwa. Mwenye kufuli na mwenye redio walikuwa ukoo mmoja. Ila Emerson yule wa 1981 angeuliza na swali jingine, la masafa: nani mwingine ndani ya Rwanda alipewa kituo mwaka ule wa 1993? Ilikuwapo Radio Rwanda ya serikali, na ikawapo RTLM. Mkulima wa kilimani mwenye kiredio chake cha betri angezungusha kitufe hadi mwisho asimpate mtu wa nchini mwake wa kumwambia kwamba jirani yake si adui.